Muhammad Ali hakuuficha mkono wake



Hapa Awindiri mzee akianza kutetemeka mkono hata chai inamwagika, mara nyingi tunamweka ndani. Wageni wakija tunasema amelala. Wengi wetu tuna jamaa Bombo na Kampala, na huko tumelisikia neno la Kiganda, buko, yaani tetemeko linaloaminika kumpata aliyevunja mwiko wa ukwe, kwa mfano kumgusa mama mkwe. Basi mgonjwa anabeba maradhi, na tuhuma juu yake.

Daktari James Parkinson wa London aliyaandika maradhi haya mwaka 1817. Chembe za ubongo zinazotengeneza dopamini hufa polepole: mkono hutetemeka, mwili hukakamaa, hatua huwa fupi. Hayaambukizi. Vidonge vya levodopa, vilivyoanza kuleta nafuu kubwa miaka ya 1960, haviondoi ugonjwa lakini humwezesha mtu kushika kazi yake tena.

Wazee wetu wanamkumbuka Muhammad Ali kwa pigano la Kinshasa, 30 Oktoba 1974. Sisi tunaona makubwa zaidi yalikuja baadaye. Aligunduliwa kuwa na Parkinson mwaka 1984, akiwa na miaka 42. Mwaka 1990, ulimi umeshakuwa mzito, alikwenda Baghdad kumwona Saddam Hussein na akarudi na mateka 15 wa Kimarekani. Tarehe 19 Julai 1996 aliwasha mwenge wa Olimpiki huko Atlanta, mkono ukitetemeka mbele ya dunia nzima. Na mtu huyu zamani alijisifu kwa wepesi na uzuri wake! Mwaka 2002 alifika Kabul kama Mjumbe wa Amani wa Umoja wa Mataifa. Alifariki 3 Juni 2016.

Mtu atasema Ali alikuwa na pesa na madaktari. Kweli. Wilayani Hai, Tanzania, watafiti walipita nyumba kwa nyumba katika eneo lenye watu 161,071. Walikuta wagonjwa 33, na wengi wao hawakuwa wamewahi kuambiwa ugonjwa wao ni nini. Hata hapa Arua, hospitali ya rufaa ipo karibu, lakini aliyefichwa ndani haonwi na daktari.

Katika Uganda yetu, Kabugo Hannington, ambaye mama yake aliugua Parkinson, alianzisha shirika la kuwasaidia wagonjwa na jamaa zao. Aliliita Parkinson's Si Buko.