Kauri za Kasongo na Malisho ya Bahari

Wanahistoria walioandika juu ya Kasongo, mji wa mashariki mwa Kongo uliokuwa makao ya mfanyabiashara Hamed bin Muhammed al-Murjebi, maarufu Tippu Tip, tangu miaka ya 1870, wamezoea kuhesabu mali iliyotoka humo, yaani pembe za ndovu na watu waliotiwa utumwani, na katika mali iliyoingia wametaja hasa nguo, shanga, bunduki na baruti. Kauri, ambazo wengine huziita simbi, hupewa mstari mmoja tu, na huo ni upungufu mkubwa, kwa kuwa shanga zilitoka viwandani Venice na merikani ilifumwa ng'ambo, lakini kauri zilizaliwa katika bahari ya Waswahili wenyewe.

Kauri iliyotoka kwa wingi pwani ya Afrika Mashariki ni ile yenye duara la manjano mgongoni, ambayo wataalamu huiita Monetaria annulus, zamani Cypraea annulus. Huyu ni konokono wa maji mafupi, anayeishi miongoni mwa mawe, mwani na majani ya bahari katika sehemu zinazoachwa wazi maji yanapokupwa. Majani ya bahari si mwani: ni mimea kamili yenye mizizi, maua na mbegu, ambayo hutandaza mashina yake chini ya mchanga na kufanya malisho mapana, kama yale ya Ghuba ya Chwaka huko Unguja. Jambo la kustaajabisha ni kwamba malisho hayo hustawi katika maji yaliyo maskini, kwani bahari ya tropiki, kwa kawaida, ina nitrojeni na fosforasi kidogo mno, na hivyo ndivyo virutubisho ambavyo mmea hauwezi kukua bila kuvipata. Fosforasi hunaswa na mchanga wa chokaa utokanao na matumbawe, nayo mizizi huifungua kidogo kidogo, huku bakteria wanaoishi kando ya mizizi hiyo wakiigeuza nitrojeni iliyoyeyuka majini kuwa chakula cha mmea. Jani linapozeeka, sehemu ya virutubisho vyake hurudishwa shinani kabla halijaanguka, na likishaanguka kamba wachimbao mashimo huliburuta chini ya mchanga, likaoza palepale lilipoota. Konokono nao hula utando wa mwani mdogo unaoota juu ya majani, wakayaachia mwanga na kurudisha mbolea yao mchangani. Malisho haya hayatajirishwi na kingi kiingiacho. Utajiri wake ni kutopoteza kilichomo.

Kutoka katika uchumi huo wa kubana zilikusanywa kauri nyakati za bamvua, bahari ilipokupwa sana, kisha zikafukiwa mchangani hadi nyama ikaoza na magamba yakaoshwa. Katikati ya karne ya 19, wafanyabiashara wa Hamburg, miongoni mwao kampuni ya O'Swald iliyokuwa na ofisi Zanzibar, walizipakia melini kwa wingi na kuzipeleka Afrika Magharibi, ambako zilikuwa fedha, na wingi huo ukaangusha thamani ya fedha hiyo. Sehemu nyingine ilielekea bara vichwani mwa wapagazi, kupitia Tabora na Ujiji, ikavuka Ziwa Tanganyika, ikapita Kabambare na kufika Kasongo na Nyangwe.

Katika soko la Nyangwe, mtoni Lualaba, kauri zilitumika kununulia vitu pamoja na shanga, shaba na viramba, yaani vitambaa vilivyofumwa kwa nyuzi za mwale. Ila haifai kuusifu ulimwengu huo wa biashara bila kuutazama usoni. Mwingereza Verney Lovett Cameron, aliyefika Nyangwe mwaka 1874, alishindwa kupata mitumbwi ya kushukia mto kwa sababu wenye mitumbwi walitaka walipwe watumwa. Kauri, kwa maoni yao, zingelala bure hadi ziwanunue watumwa, ilhali mtumwa angeanza kazi siku ileile. Gamba lililookotwa kwa mikono mitupu ufukweni lilikuwa, mwisho wa safari yake, kipimo cha thamani ya binadamu, na hapo historia ya kauri haiwezi kutengwa na ile ya minyororo.

Kauri zilikuwa na maisha mengine pia. Kwa Walega, waishio kaskazini mwa Kasongo, zilishonwa kwenye kofia za wenye vyeo katika Bwami, chama kilichowafunza watu maadili na kuwapandisha daraja, na humo zilikuwa alama ya heshima iliyopatikana kwa mafunzo na gharama ya miaka mingi. Hivyo ziliendelea kuthaminiwa hata baada ya tarehe 22 Aprili 1893, majeshi ya Dola Huru ya Kongo chini ya Francis Dhanis yalipouteka mji wa Kasongo, na baada ya Kabambare kutekwa mwaka uliofuata, ambapo biashara ya misafara ya pwani ilivunjika.

Kofia kadhaa za aina hiyo sasa zimo katika makumbusho ya Tervuren, Ubelgiji, zikitajwa kuwa sanaa ya msitu wa Kongo. Kauri zilizoshonwa juu yake ziliota baharini, zaidi ya kilomita 1,300 mashariki mwa Kasongo.