Indiketa ya Nduthi: Chenye Sheria Inataka Kabla Ukate Kulia Namanga Road

Kama we ni mtu wa nduthi Kitengela, ama ni pasenja wa kila siku, unajua kuna mahali kwa hiyo safari roho hukaa mkononi. Ni pale boda anataka kutoka Namanga Road akate kulia aingie mtaa. Mbele boza ya maji inakuja, nyuma kuna trela ya simiti inaelekea Isinya, na katikati ni nyinyi wawili na kabulbu kadogo ka rangi ya chungwa. Hako kabulbu kakikataa kuwaka, hakuna mtu kwa hiyo barabara anajua mnaenda wapi.

Tuanze na sheria, juu wasee wengi hudhani karao akikusimamisha ni helmeti na reflekta tu anatafuta. Hizo ziko kweli, kifungu cha 103B cha Sheria ya Trafiki. Lakini soma kifungu cha 55 cha hiyo hiyo sheria, Sura ya 403. Kinasema gari lolote lisitumike barabarani kama vifaa vyake, taa zikiwemo, haviko sawa na matakwa ya sheria, na lazima vikae hali nzuri saa zote ndio uendeshaji usihatarishe wengine. Hapo kwa "saa zote" ndio watu huanguka. Kusema ilikuwa inawaka ukinunua Boxer haikusaidii. Inafaa iwake leo. Na hata kama yako ni sikuta ya kupeleka chakula, ama ni zile mpya za stima, usijitoe kwa hii stori. Ikiwa barabarani, inafaa ionyeshe penye inaenda.

Sasa indiketa nzuri inakaa aje? Ukitaka kipimo, kuna Kanuni nambari 53 ya Umoja wa Mataifa ya taa za pikipiki. Inataka rangi ya chungwa, sio nyeupe, sio buluu. Inataka ikonyeze kati ya mara 60 na 120 kwa dakika. Kutoka chini hadi kwa taa iwe kati ya sentimita 35 na 120, na za nyuma ziachane angalau sentimita 18, za mbele 24. Hiyo ya kuachana watu huichukulia mchezo. Ukiondoa zile za kiwanda ukaweka vitaa vidogo vimebanana kando ya namba pleti juu vinakaa fiti kwa picha, dere wa trela akiwa mbali ataona doa moja tu linawaka. Kulia ama kushoto, atabahatisha.

Rangi nayo ina sababu. Nyekundu nyuma ni breki, nyeupe ni ya mbele. Ukichanganya, mtu anakusoma vibaya. Na ile tabia ya kupaka lenzi rangi nyeusi ndio nduthi ikae ya wasee wabaya, hiyo ni kununua taa halafu unaifunika blanketi.

Kitengela yenyewe pia huua indiketa. Udongo mweusi ukinyeshewa unarushwa na tairi ya nyuma, unaganda kwa lenzi, na ukikauka inabaki ganda. Huko ndani ya mitaa mashimo yanatingisha nduthi hadi waya ya bulbu inakatika. Halafu kuna mzigo. Mtungi wa gesi, mitungi ya maji, magunia, yote yanafungwa nyuma yakifunika taa kabisa. Kama mzigo umeficha indiketa, barabarani ni kama huna.

Kujua kama yako iko poa haihitaji fundi. Washa kushoto, zunguka nduthi, angalia mbele na nyuma. Rudia kulia. Ikianza kukonyeza mbio kuliko kawaida, ama ikawaka tu bila kukonyeza, mara nyingi ni bulbu moja imekufa, ama uliweka za LED na flasha ya zamani haizielewi, juu zinakula stima kidogo sana. Ikiwaka hafifu, shuku betri ama waya ya athi yenye kutu. Na kama kale kamlio ka pii-pii kalikukera ukakata waya yake, irudishe. Indiketa za nduthi nyingi hazijizimi zenyewe kama za gari. Unaweza kuimaliza kona ya Isinya na bado unakonyeza kulia ukikaribia Kajiado, na kila dere nyuma yako anangoja ukate. Dere akishachoka kungoja anapita, na siku ile utakata kweli hatakuamini.

Nirudi kwa ile kona ya kulia, kwa sababu hapo ndio kuna maneno. Kenya tunaendesha kushoto na tunapita wengine kwa kulia. Boda akikaa pembeni kushoto akipunguza mwendo bila kuonyesha chochote, dere wa nyuma anadhani amepewa njia. Anatoka kulia apite. Sekunde hiyo hiyo boda naye anakata kulia. Hapo hakuna mtu alikuwa mlevi, hakuna breki ilikufa. Kila mtu alisoma barabara vile aliiona.

Kwa hivyo washa mapema. Kwa kilomita 60 kwa saa unakula karibu mita 17 kila sekunde, so sekunde tano ni zaidi ya mita 80. Hapo ndio dere wa trela anapata nafasi ya kukuona, kuelewa, na kupunguza. Washa, angalia kioo, geuza shingo uangalie kwa bega la kulia, ndio usonge katikati. Ama ukiona mambo ni mob, toka kabisa kushoto, simama, ngoja pande zote zitulie ndio uvuke. Kuna maboda huona hiyo ni aibu. Waache.

Na mkono je? Ishara ya mkono inakubalika, na taa ikikufa njiani ndio utatumia. Shida ni kwamba mkono wa kulia ndio umeshika moto na breki ya mbele. Ukiunyoosha kuonyesha kulia, umeachilia vyote viwili. Ndio maana swichi ya indiketa iliwekwa kwa kidole gumba cha kushoto. Ukilazimika, nyoosha ukiwa bado mbali, rudisha mkono, ndio ushike breki. Usiku hakuna mtu ataona huo mkono.

Hasadi nayo, zile taa zote nne kukonyeza pamoja, ni ya kusimama ukiwa na shida. Boda akiziwasha akienda mbele kwa mvua amejinyang'anya indiketa, juu akitaka kukata hakuna tofauti itaonekana.

Kuna upande wa pesa pia. Ukigongwa na kesi ifike kortini, Sheria ya Marekebisho ya Sheria, Sura ya 26, kifungu cha 4, inaruhusu jaji kupunguza fidia kulingana na makosa yako mwenyewe. Wakili wa ile insuarensi ya trela swali lake la kwanza linaweza kuwa, "Ulionyesha unakata?" Kama taa ilikuwa imekufa tangu mwezi jana, jibu lako litakugharimu, na mguu ulivunjika ni wako. Bulbu yenyewe haifiki bei ya chapo madondo.

Pasenja, nawe uko na kazi. Kabla upande pale steji, mwambie boda awashe kulia na kushoto. Akikuona wa kujidai, kuna mwingine nyuma yake kwa foleni.