Mbuzi Huyu, Mbuzi Hii: Kompyuta Ilivyojifunza Kiswahili Bila Sisi

Marikiti hakuna anayechanganyikiwa na neno mbuzi. Ukisikia "mbuzi huyu", unajua ana miguu minne. Ukisikia "mbuzi hii", ni ile ya kukunia nazi. Kompyuta je? Yenyewe inaona herufi tano tu. Kuifanya ijue ni mbuzi gani kumechukua watu miaka, na historia hiyo inatuhusu sana sisi wa Mvita.

Wengi hudhani mambo haya yameanza juzi na AI ya kwenye simu. Wapi! Mwaka 1985, katika Chuo Kikuu cha Helsinki kule Finland, mtafiti Arvi Hurskainen alianza kutengeneza programu ya kuchambua Kiswahili, ikaitwa SALAMA. Alitumia mbinu ya Mfini mwenzake, Kimmo Koskenniemi, ya mwaka 1983, inayochambua neno kipande kwa kipande. "Hawajakuletea" inakuwa ha-wa-ja-ku-let-e-a, kila kipande na kazi yake. Halafu zinakuja kanuni za kutazama majirani. Jirani akiwa "huyu", ni mnyama. Akiwa "hii", ni kifaa. Yaani zile ngeli zilizotutoa jasho shuleni ndizo zilizoifungua mashine macho.

Mwaka 2013, timu ya Tomas Mikolov pale Google ikaja na word2vec. Hapa hakuna kanuni za sarufi. Mashine inasoma maandishi mengi, inaangalia neno linatembea na maneno gani, kisha inalipa orodha ya namba. Poa, lakini neno moja lilipata orodha moja tu, kwa hivyo mbuzi wa nyama na mbuzi ya nazi wakalazwa kitanda kimoja. Mwaka 2018 ikatoka BERT, ambayo namba za neno hubadilika kulingana na sentensi.

Sasa sikiza hapa. Mashine inayojifunza kwa kusoma inajua kilichoandikwa tu. Na kilichoandikwa kwa wingi ni Kiswahili gani? Mwaka 1928 kulifanyika mkutano, tena hapa hapa Mombasa, ukapendekeza Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu. Mwaka 1930 Kamati ya Lugha ikaundwa, na vitabu vya shule vikafuata mkondo huo. Kimvita, ambacho Krapf alikikuta alipofika 1844 na ambacho kimejaa kwenye kamusi yake iliyotoka 1882, kikabaki zaidi midomoni na kwenye mashairi.

Matokeo yake? Nyanya akikuita "ndoo hapa", anataka uje. Mashine iliyolishwa sanifu pekee itakuletea ndoo ya maji.

Kuna watakaosema sanifu yatosha. Sibishi kwamba inatuunganisha, kutoka Lamu hadi Kigoma. Lakini simu ndiyo inayotafsiri, inayotafuta, na kesho huenda ikampa nyanya maelezo ya dawa. Isipomwelewa, itamlazimisha abadilishe ulimi wake uzeeni. Hiyo si haki.

Chuo niliacha, maabara sina. Nina simu, na video zangu sasa naziandikia maelezo kwa Kimvita: ndia, siyo njia, mato, siyo macho. Nawe fanya hivyo na lahaja ya kwenu. Maana tusiyoiandika, mashine itajazia ya mtu mwingine.