Udongo ulioshindwa kazi ya transfoma

Leo tuache programu kidogo tuzungumzie kibodi, hasa zile kofia za vitufe zinazotengenezwa kwa mkono: fuvu, zimwi, kichwa cha roboti, vyote kwenye upana wa kitufe cha Esc. Kofia moja inaweza kuuzwa kwa bei inayopita ya kibodi nzima, nami nilitaka kujua zilikotoka.

Zimetoka kwenye udongo. Si wa mfinyanzi. Ni plastiki ya PVC iliyotiwa kilainishi, inayobaki laini mpaka uioke kwa joto la kama nyuzi 130. Kule Ujerumani, Fifi Rehbinder, bintiye mtengenezaji wanasesere Käthe Kruse, alibuni udongo wa aina hii, na mwaka 1964 ukachukuliwa na kampuni ya Eberhard Faber ikauuza kwa jina la FIMO. Marekani nako, Sculpey ilitengenezwa miaka hiyo hiyo ya 1960 kwa kazi tofauti kabisa: kuondoa joto kwenye kiini cha transfoma. Kazi hiyo ikaishinda. (Kwetu transfoma ikishindwa tunalala gizani, wenzetu walipata kitu cha kufinyanga.)

Halafu ukaja msalaba. Swichi za Cherry MX, za miaka ya 1980, zina kijiti chenye umbo la alama ya kujumlisha. Umbo hilo likaenea, hata kofia iliyotengenezwa na fundi mmoja ikaweza kukaa kwenye kibodi za kampuni nyingi. Kwa sisi waandishi wa programu, hiyo ni API iliyodumu miaka arobaini.

Kuanzia mwaka 2010 hivi, wapenzi wa kibodi walianza kuviunganisha viwili hivi. Unafinyanga sanamu juu ya kofia ya kawaida, unaioka, unaimwagia silikoni upate kalibu, kisha unamimina resini ndani ya kalibu na kuiweka kwenye chungu cha shinikizo ili viputo vya hewa visinyae.

Kalibu huchoka na kuchanika. Sanamu ya udongo ikiwepo, unatengeneza nyingine. Mwizi hana sanamu hiyo. Hununua kofia moja na kutengeneza kalibu kutoka kwayo. Lakini resini hupungua kidogo inapokauka, kwa hiyo nakala yake huwa ndogo kidogo na mikunjo ya uso imefifia. Ni kama kuwa na programu bila msimbo wake.

Siku hizi wengi huchonga kwenye kompyuta na kuchapisha kwa printa ya 3D. Faili hilo likivuja, nakala haipungui hata chembe. Mimi ni shabiki wa programu huria, lakini hapa niko upande wa fundi: kugawa kazi yake ni uamuzi wake.

Kwa anayetaka kujaribu: usioke udongo juu ya kofia ya ABS, italegea kabla ya nyuzi 130. Tafuta ya PBT. Na ukitumia plastisini, hakikisha haina salfa, maana silikoni inayogandishwa kwa platini itabaki ikinata.