Biashara ya Intaneti: Kwetu Malipo Yalitangulia Duka

Mfugaji wa Bihambwe akiuza jibini zake kwa mchuuzi wa Goma, siku hizi si lazima angoje noti zipande kwa njia ya Sake na Mushaki, ambako kila kizuizi kina mkono wake. Simu yalia, maandishi yatokea, fedha imefika. Imefikaje? Imepita wapi? Wengi huidhania kuwa kama upepo. Kumbe ni nyumba iliyojengwa na watu, na asiyejua nyumba ilivyojengwa hajui mwizi huingilia mlango gani.

Tuanze mbali kidogo. Mwaka 1989 Mwingereza mmoja, Tim Berners-Lee, alikuwa akifanya kazi CERN, kituo kikubwa cha wataalamu wa fizikia karibu na mji wa Geneva, katika Uswisi. Wataalamu hao walitoka nchi nyingi, kila mmoja na kompyuta ya namna yake, na kusomeana karatasi ilikuwa taabu. Angalieni vema: kompyuta zilikuwa zimekwisha kuunganishwa. Intaneti, yaani njia yenyewe, ilikuwapo kabla yake. Kilichokosekana ni desturi moja ya kuombana na kupeana maandishi. Berners-Lee akaweka mambo matatu: anwani kwa kila ukurasa, kanuni ya kuomba na kujibu, na namna ya kuandika ukurasa ili kompyuta yoyote iweze kuuonyesha. Mwisho wa 1990 kazi yake ilikuwa inakwenda. Tarehe 30 Aprili 1993 CERN ikatangaza kwamba yeyote aweza kuitumia bila kulipa kitu. Kwangu mimi tarehe hiyo yazidi zote zinazofuata.

Lakini kanuni ile ya kuomba na kujibu ilikuwa na upungufu mmoja mbele ya mfanyabiashara. Seva, yaani kompyuta inayojibu, ilikuwa sahaulifu. Ilikujibu, ikakusahau papo hapo. Kwa msomaji haidhuru. Kwa duka ni shida kubwa: umetia kitabu katika kikapu, umefungua ukurasa wa pili, na muuzaji hakujui tena. Mwaka 1994 Lou Montulli wa kampuni ya Netscape akabuni kitu kidogo kiitwacho kuki. Ni kama kadi ya zahanati. Mganga hakumbuki sura yako, ila namba iliyo katika kadi yamwonyesha jalada lako. Kampuni hiyo hiyo ikatengeneza kufuli, yaani njia ya kuyageuza maandishi kuwa fumbo yawapo safarini, na mwaka 1995 ikaitoa kwa watu. Mwezi wa Julai mwaka huo Amazon ikaanza kuuza vitabu katika mji wa Seattle, Marekani.

Duka la namna hiyo, kwa kawaida, lina vyumba vitatu. Cha mbele ni baraza: kurasa ambazo mteja anaziona na kuzigusa. Cha katikati ni ofisi: programu zinazopima maombi, bei ni ngapi, mali ipo au imekwisha, huyu anayeomba ana ruhusa au hana. Cha nyuma ni chumba cha daftari, ambacho wataalamu hukiita hifadhidata. Utaratibu wa madaftari mengi ya namna hii watoka kwa Edgar Codd, Mwingereza aliyefanya kazi Marekani, ambaye aliuandika mwaka 1970. Mteja haingii kamwe chumba cha nyuma. Hupeleka ombi barazani, ofisi hulipima, na ofisi peke yake ndiyo iandikayo katika daftari.

Na daftari lina sheria yake kali. Kazi itimie yote, au isitimie hata kidogo. Kutoa dola 10 kwa Petro na kumwongezea Maria dola 10 ni tendo moja, si mawili. Umeme ukikatika katikati, daftari hurudi lilivyokuwa, na Petro bado ana dola zake.

Sasa tuje kwetu. Duka la Marekani lilipofunguka lilikuta malipo yakingoja. Kadi za kulipia zilikuwa zimekwisha kuzoeleka huko tangu miaka ya 1950, na kazi ya duka ilikuwa kuzipokea tu. Katika Afrika ya Mashariki na Kongo watu wachache mno walikuwa na akaunti ya benki, sembuse kadi. Kwa hiyo mambo yalikwenda kinyume: malipo yalijengwa kwanza, duka likaja nyuma, likichechemea.

Mwaka 2005, Kenya, kampuni za Safaricom na Vodafone zilianza jaribio dogo pamoja na Faulu, shirika la kukopesha watu wa kipato kidogo. Nick Hughes na Susie Lonie wa Vodafone waliongoza kazi hiyo, na serikali ya Uingereza ilisaidia gharama. Shabaha ilikuwa wakopaji warudishe mikopo yao kwa simu. Watu wakafanya lao: wakatumiana fedha wao kwa wao. Wakubwa wa kazi wakatazama, wakafuata walikokwenda watu, na tarehe 6 Machi 2007 M-Pesa ikafunguliwa kwa wote.

Nayo haikumtaka mteja awe na intaneti. Orodha ya kuchagua ilikaa ndani ya kadi ya simu. Kadi ilitia kufuli katika namba ya siri, ikatuma ujumbe mfupi. Hata mwaka huo Kenya haikuwa bado na waya wa intaneti wa chini ya bahari. Waya wa SEACOM ulifika Mombasa mwaka 2009. Tena, jambo la kushangaza: hadi mwaka 2015 seva za M-Pesa zilikuwa Ujerumani. Mama wa Nairobi alimtumia mwanawe fedha Kisumu, na daftari likaandikwa Ulaya. Fedha yenyewe ilikuwa imelala benki, katika akaunti ya amana. Kilichosafiri ni tarakimu.

Kongo yetu iliipata M-Pesa kwa Vodacom mwezi wa Novemba 2012, yenye akaunti mbili, ya dola na ya franka. Hapa mtu hupiga nyota na namba, na kidirisha chafunguka katika simu yoyote, hata ile ya vifungo. Hilo ndilo baraza letu, dogo kuliko kiganja. Ofisi na daftari viko nyuma, na sheria zake ni zile zile za duka la Seattle.

Mwaka 2017 Safaricom ilifungua mlango iliouita Daraja. Kwa mlango huo programu ya mwenye duka yaweza yenyewe kuiomba ofisi ya M-Pesa malipo, na kujibiwa kwamba yamelipwa, pasipo mtu kusoma ujumbe na kuunakili. Hapo ndipo malipo na duka vilipokutana vizuri. Maduka yenyewe hayakupata njia laini: Jumia, iliyokuwa na sifa kubwa, iliacha kazi Tanzania mwaka 2019. Malipo ya simu yalibaki.

Kwa mpango huu wa vyumba mtu aweza kujua mwizi asimama wapi. Ujumbe unaosoma "umepokea" ni karatasi iliyotupwa barazani, na mwovu aweza kuandika iliyo mfano wake. Daftari hawezi kuliandika. Muuza maharagwe anayepiga nyota na kuuliza salio lake kabla ya kuachia gunia ameuliza chumba cha nyuma. Vivyo hivyo mtandao ukikatika katikati ya kutuma: salio litakuambia kama tendo lilitimia. Anayetuma mara ya pili bila kuuliza aweza kulipa mara mbili, maana kwa daftari hayo ni matendo mawili halali.

Kuna kitu kimoja ambacho daftari halina uwezo juu yake. Mwisho wa Januari 2025 M23 iliingia Goma, na mabenki yakafunga milango. Pale minara ilipofanya kazi, watu waliendelea kutumiana fedha kwa simu. Tarakimu zilihama kwa uaminifu kutoka jina hadi jina. Lakini mwenye kabine hutoa noti za sandukuni mwake, na sanduku hilo hujazwa na benki. Noti zikaadimika. Wengine walidai ziada kubwa kwa kutoa kidogo walichokuwa nacho, na mtu mwenye dola 50 katika simu alizunguka kabine moja baada ya nyingine, salio lake likiwa kamili, asipate hata ya kununulia unga.