Mchezo wa kujua kuanguka

Nimepotea humu karibu wiki mbili, madesa yamenibana na semista ndiyo hiyo inaishia. Leo naandika historia kidogo kwa sababu ya vijana wa nyumbani Mwamkulu, kule Mpanda. Mnajua tena simu zimefika kila mahali. Siku hizi jamaa wakishavuna mpunga wanakaa na vipande vya video vya jujitsu ya Kibrazili, halafu hao, wanashuka kwenye majaruba yaliyokauka kujaribu walichokiona. Mdogo wangu mmoja wa ukoo ameteguka kiwiko hivyo hivyo. Mwenzake alimfunga mkono, yeye akagoma kusalimu amri kwa vile watu wanaangalia. Sasa kwa mtu wa kukaa ofisini kiwiko ni kiwiko tu, Mwamkulu kiwiko ni jembe. Ukifika wakati wa kupandikiza mpunga mkono wako unaning'inia shingoni kwa kitambaa, mwaka huo umeshakwenda.

Kilichonifanya niandike ni jibu nililopewa: eti ndivyo mchezo ulivyo, ni wa wanaume. Jamani. Historia yake inasema kinyume kabisa.

Twende Japani. Mwaka 1882 kijana wa miaka 21, Jigoro Kano, aliyekuwa ametoka kumaliza Chuo Kikuu cha Tokyo (rika letu kabisa!), alifungua shule yake ya Kodokan ndani ya hekalu la Eishoji. Sehemu ya mazoezi ilikuwa mikeka 12, wanafunzi 9. Kano alikuwa na umbo dogo, shuleni alionewa sana, ndiyo maana akawatafuta walimu wa jujutsu. Lakini jujutsu ya zamani ilikuwa ya vita vya samurai, kazi yake kuvunja na kuua. Utaifanyaje mazoezi na rafiki yako Jumatatu, halafu Jumanne umtegemee arudi?

Kano akachambua. Mbinu za hatari akaziweka kwenye kata, yaani mazoezi ya kupangwa ambayo kila mmoja anajua mwenzake atafanya nini. Zilizobaki ndizo watu wakashindana nazo kwa nguvu zote. Huo mchezo mpya akauita judo. Na kabla hujamwangusha mtu, unajifunza wewe kuanguka: kidevu kifuani, kichwa kisiguse chini, mkono upige mkeka ili mshindo usambae mwilini. Baadaye Kodokan ikaendelea kupunguza. Kufunga vidole, viganja, vifundo vya miguu, magoti, vyote vikatolewa kwenye mashindano, kikabaki kiwiko peke yake. Unaweza kudhani mchezo ulilegea. Wapi! Mtu anayeweza kupambana kwa nguvu zote kila siku, mwaka mzima, bila kuvunjika, anamshinda yule mwenye mbinu ya kuua ambayo hajawahi kuijaribu kwa mtu anayempinga.

Mwanafunzi mmoja wa Kodokan, Mitsuyo Maeda, alifika Brazili mwaka 1914, akaja kuweka makazi Belém. Kutoka kwake familia ya Gracie ikapata mchezo, wakaupeleka zaidi chini, kwenye kukaba na kufunga viungo. Huku chini usalama wako ni kugonga: unampiga mwenzako mara mbili, anaachia. Basi. Shingo ikikabwa ukagonga mapema, pumzi inarudi mnaendelea. Kiungo sivyo. Kano zikishachanika (kano za mwili, si yule mzee) hazirudi kama zilivyokuwa.

Sasa hadithi ambayo vijana wanaipenda. Oktoba 1951, uwanja wa Maracanã, Rio de Janeiro, Helio Gracie wa miaka 38 alipambana na Mjapani Masahiko Kimura, aliyemzidi uzito kwa mbali. Kimura akaupinda mkono wake, mkono ukavunjika, Helio hakugonga. Ile mbinu mpaka leo inaitwa kimura. Nyumbani wanamshangilia Helio kwa moyo wake. Mimi naangalia taulo. Kaka yake, Carlos, ndiye aliyelirusha pambano likasimama. Helio alikuwa na mtu pembeni wa kusema imetosha. Kwenye majaruba yetu nani ameshika taulo? Wote wameshika simu wanarekodi.

Na msidhani Japani walibaki salama kwa sababu tu mchezo ni wao. Kati ya 1983 na 2011, zaidi ya wanafunzi 100 walifariki katika judo ya mashuleni huko, wengi kwa kuumia kichwa. Yaani nchi ile ile iliyowafundisha watu kuanguka. Kupunguza mbinu hakutoshi kama mtoto anatupwa chini kabla hajajua kuanguka.

Upande wa pili kuna watu wawili waliozaliwa mwaka mmoja, 1913. Helio huyo huyo, aliyefariki 2009 akiwa na miaka 95, na Keiko Fukuda, mjukuu wa mmoja wa walimu waliomfundisha Kano jujutsu. Mama mdogo wa umbo, alianza judo 1935, akahamia Marekani, akafundisha San Francisco hata baada ya kupita miaka 90. Alifariki 2013 na miaka 99. Alisifika zaidi kwa kata ambayo ndani yake hakuna kuangushana hata mara moja. Kwangu huyu bibi ndiye bingwa.

Huku kwetu Zanzibar, Mjapani Tsuyoshi Shimaoka alianza kufundisha judo miaka ya 1990, na mwaka 2024 Andrew Thomas Mlugu aliiwakilisha Tanzania katika judo kwenye Olimpiki ya Paris. Kwa hiyo mkeka na mwalimu si vitu vya Ulaya tu. Mwamkulu mwalimu hatuna, ila mkeka unawezekana. Pumba zimejaa pale kwenye mashine za kukoboa, ukijaza magunia, ukayapanga yakabana, ukatandika turubai juu, unaanguka bila kulia.

Nimewaambia wiki mbili za kwanza ni kuanguka tu, kuanzia kuchuchumaa mpaka kusimama. Kufunga mkono uwe polepole, ukinyooka anayefunga anasimama hapo hapo, hasubiri kugongewa. Na kila jozi inayocheza iwe na wa tatu asiyeshika simu. Wakanijibu sawa bro, pumba tunazo, turubai je? Bumu likitoka nitachangia. Wenye turubai kuukuu la lori huko Mpanda mjini, nitafuteni.