Lebo ya Chupa na Pumzi ya Dereva

Novemba 2000, pombe haramu iliyotiwa methanoli iliua zaidi ya watu 100 Nairobi, wengi wao wakazi wa mitaa ya mabanda ya Mukuru. Wengine walipofuka. Kinywaji hicho hakikuwa na lebo wala kipimo.

Miaka 10 baadaye, Bunge lilipitisha Sheria ya Kudhibiti Vileo, ambayo wengi huiita kwa jina la mbunge wa Naivasha aliyeipigania, John Mututho. Chang'aa ikahalalishwa kwa masharti, na kila chupa ikatakiwa kubeba maonyo ya afya. Baa nazo zikaamriwa kufunguliwa saa 11 jioni siku za kazi na kufungwa saa 5 usiku. Ilikuwa hatua njema, ingawa lebo humlinda mnywaji pekee. Anayevuka barabara usiku mbele ya dereva mlevi haimfikii.

Pengo hilo lilizibwa kwa kifaa kidogo cha kupulizia pumzi, alcoblow. Mamlaka ya usafiri na usalama barabarani (NTSA) na polisi walikileta barabarani Desemba 2013, na waliostarehe katika baa za mtaa wa Westlands wakaanza kukodi teksi. Kanuni za matumizi yake ziliweka kikomo cha mikrogramu 35 za kileo katika mililita 100 za pumzi. Mwaka 2017 Mahakama ya Rufaa ilibatilisha kanuni hizo: Sheria ya Trafiki ilidai ithibitishwe kwamba dereva ameshindwa kulimudu gari, na kanuni haiwezi kuishinda sheria mama. Uamuzi ulikuwa sahihi kisheria, lakini uliwaacha wenye kutembea kwa miguu bila ngao.